Karantini ya korona ndani ya sanaa ya kubofya: tuzihifadhi vipi siku zile?

MchoraKivuli (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu.

Nina mzigo kwenye diski: sauti, picha na maandishi niliyokusanya kipindi kile tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Kuna majirani wanaongea ngazini, kila mtu kasimama kwenye mlango wake. Kuna mikutano ya video ambayo nusu yake ni "unanisikia?". Kuna dirisha moja lilelile limepigwa picha kila asubuhi. Kila ninayemwonyesha ananiambia tengeneza kitabu cha picha, au unganisha filamu fupi. Sitaki, na sababu yenyewe ni ndogo tu. Kitabu ukikichoka unakifunga. Karantini ukiichoka ulikuwa unafanyaje? Unakaa.

Kwa hiyo nafikiria sanaa shirikishi, kazi ambayo haikamiliki mpaka mtazamaji afanye kitu: abofye, angoje, aandike, aongee, ajaribu kufungua mlango na mlango ukatae. Hoja yangu naiweka mezani muipige nyundo. Kwa wengi wetu karantini ilikuwa kipindi ambacho hakuna kilichotokea. Ushahidi wake umo kwenye vitendo vidogo vilivyorudiwarudiwa hadi vikakosa maana, na kitendo cha namna hiyo mtu anakielewa akikifanya mwenyewe, si akionyeshwa.

Mifano ipo. WindowSwap ilianzishwa mwaka 2020 na mume na mke waliokuwa Singapore. Watu wanarekodi kama dakika 10 za nje ya dirisha lao, wewe unabofya kitufe na kujikuta unachungulia kupitia dirisha la mtu usiyemjua. Kumbe huko kunanyesha, kumbe paka kalala kizingitini. Huchagui nchi, humsalimii mwenye nyumba. Mradi wa Cities and Memory, wenye makao Oxford, nao ulikusanya sauti za miji iliyonyamaza ukazibandika kwenye ramani: unagusa mahali, unasikia ndege pale ulipozoea kusikia magari, na unasoma maneno ya aliyerekodi.

Lakini iliyoniganda ni kazi ya Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Mexico. Mwaka 2020, wakati watu wanazikwa bila ndugu zao kuruhusiwa kusogea, alitengeneza kumbukumbu inayoitwa A Crack in the Hourglass. Aliyefiwa anatuma picha ya marehemu mtandaoni pamoja na maneno yake machache. Mkono wa roboti unadondosha mchanga juu ya ubao mweusi, chembe baada ya chembe, taratibu kiasi cha kukera. Kwanza huoni kitu, mistari tu. Halafu paji la uso. Halafu unagundua yale mabonge ya mchanga yalikuwa ni miwani. Mfiwa anatazama moja kwa moja akiwa nyumbani. Sura ikishakamilika inakaa kidogo, ubao unainamishwa, mchanga wote unaporomoka, na mchanga huohuo unatumika kumchora anayefuata.

Pale mtu hakuambiwa "tazama huzuni". Alipewa kazi tatu: tafuta picha, andika maneno, ngoja. Ndizo kazi ambazo waliofiwa kipindi kile walinyang'anywa. Nataka kuelewa mantiki hiyo inavyoweza kufanya kazi kwenye mambo madogo, yasiyo na msiba.

Karibuni.

Nahodha_Mkavu

Nimeweka kambi hapa. Wajuvi waje.

AsiyeBofya

Mleta mada, nikuulize bila kukukosea heshima: nani kakwambia watu wanataka kufungiwa tena? Mimi nimetoka salama kwenye lile balaa, leo nikae mbele ya skrini nibofye mlango usiofunguka? Hiyo ni adhabu.

Halafu mnasahau njia ya zamani, ya kuandika. Kule Uingereza kuna mradi unaitwa Mass Observation, umeanza mwaka 1937. Mei 12 ya kila mwaka wanaomba raia wa kawaida waandike siku yao ilivyokwenda, kutoka kuamka hadi kulala. Mei 12, 2020 walipokea shajara zaidi ya 5,000. Mtu kaandika aliamka saa ngapi, kamkasirikia nani, kaogopa nini. Hakuna roboti, hakuna mchanga. Miaka 100 ijayo mwanafunzi wa historia atakaa na karatasi hizo na ataelewa kila kitu. Hicho cha kwako kufikia hapo hata programu ya kukifungulia haitakuwepo.

Kiroboto

AsiyeBofya umeua 😂 "nimetoka salama kwenye lile balaa"

MchoraKivuli

AsiyeBofya, sikatai hata kidogo, shajara ni dhahabu. Ila angalia shajara inafanya nini: inachuja. Mtu akikaa usiku kuandika anaandika lililomgusa. Haandiki kwamba alinawa mikono akiwa anahesabu moja mpaka ishirini kichwani, maana alishafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba halikuwa jambo tena. Haandiki kwamba kwenye mkutano wa video alikuwa anajitazama mwenyewe kuliko anavyomtazama anayeongea. Haandiki kwamba alifungua friji akaifunga, akarudi akaifungua.

Sasa fikiria bomba kwenye skrini. Ukitaka kutoka chumba hiki kwenda kingine lazima ushikilie kidole juu yake sekunde 20. Ukiachia mapema, unaanza upya. Mara ya kwanza unacheka. Mara ya tano unaanza kutafuta njia ya kukwepa, na ukiipata njia ya kukwepa unajisikia mkosaji. Hicho kisirani na hiko kihofu cha kukosea ndicho ninachotaka kuhifadhi. Ukikiandika kwenye sentensi kinakuwa habari tu.

Kuhusu adhabu: kazi nzima isizidi muda wa kukaa foleni fupi. Simfungi mtu mwezi mzima.

BintiMaktaba

Nashughulika na uhifadhi wa kidijitali, kwa hiyo nitaongea kwa urefu, mnivumilie.

AsiyeBofya kakutisha kuhusu miaka 100. Mimi nakutisha kuhusu miaka minne. Wakati wa karantini wasanii na makumbusho walikimbilia vyumba vya pande tatu vya mtandaoni: unaingia kama kikaragosi, unatembea ukutani kutazama kazi, unamsikia mwenzako akikukaribia. Sehemu moja iliyopendwa sana ilikuwa Mozilla Hubs, kwa sababu ilifunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu. Imefungwa Mei 31, 2024. Wengi walichukua maumbo ya pande tatu kutoka maktaba ya Google iliyoitwa Poly. Hiyo imefungwa Juni 30, 2021, wakati nchi nyingi bado zina masharti ya korona. AltspaceVR, ambako watu walikutana kwa hafla na ibada, imekufa Machi 2023. Anayetaka leo kurudi kwenye onyesho alilohudhuria kule mwaka 2020 mara nyingi anapata ukurasa wa kuaga.

Na mwaka huohuo wa 2020, Desemba 31, Adobe waliacha kuihudumia Flash, programu yao iliyokuwa inaendesha michezo na katuni ndani ya kivinjari. Tafakarini: kipindi ambacho dunia nzima inatengeneza kumbukumbu mpya mtandaoni, miaka zaidi ya ishirini ya michezo na katuni shirikishi za zamani ilikuwa inazimwa. Zilizopona zimepona kwa sababu kuna watu waliandika programu ya kuiga Flash, inaitwa Ruffle, na Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, wakaanza kuitumia Novemba 2020 kuzifufua.

Sasa mtaniuliza, si kuna wahifadhi wa tovuti? Wapo, na walifanya kazi kubwa. Maktaba za kitaifa kupitia muungano wao wa IIPC walianza kukusanya kurasa za korona tangu Februari 2020, hata kabla WHO haijatamka kuwa ni janga la dunia, Machi 11. Chuo Kikuu cha Arizona State kilianzisha mkusanyo uitwao A Journal of the Plague Year, uliopokea picha, sauti na masimulizi ya mtu yeyote. Lakini mtambo wa kuhifadhi tovuti unafuata viungo. Unafika ukurasa, unanakili, unafuata kiungo kinachofuata. Haujui kushikilia bomba sekunde 20. Haujui kuandika jina la marehemu kisha ukangoja. Kazi ya namna yako ikinaswa na mtambo huo inabaki ganda: kitufe kipo, ukikibonyeza hakuna kilicho nyuma yake.

Kuna zana ambayo inarekodi kwa kumfuata binadamu anavyobofya, Conifer ya taasisi ya Rhizome. Inasaidia. Lakini nayo inarekodi njia uliyopita wewe siku hiyo, na njia ambazo hukupita hazimo.

Ushauri wangu, MchoraKivuli, ni usingoje kazi iishe ndipo ufikirie kuhifadhi. Makumbusho ya Guggenheim yaliwahi kuwa na mpango ambao wasanii waliulizwa mapema: kifaa hiki kikifa, unaruhusu tufanye nini? Tuihifadhi kama ilivyo stoo? Tuiige kwenye mashine mpya? Tuihamishie kwenye teknolojia nyingine? Au tuiunde upya kabisa kwa roho ileile? Jibu maswali hayo sasa hivi, kwa maandishi, na jibu kipande kwa kipande. Labda sauti za ngazini haziguswi kamwe, lakini bomba hata likigeuka kuwa bomba la kweli ukumbini wewe unaridhika. Hilo hakuna atakayelijua kama hukuliandika.

Na rekodi watu wakiitumia. Kamera moja kwenye skrini, moja kwenye mikono na uso wao. Kisha waulize walifikiri nini. Kwa mhifadhi, dakika kumi za mtu anayesonya mbele ya bomba lako zina thamani kuliko nakala tatu za msimbo wake.

Nahodha_Mkavu

Hizi sasa ndizo nondo. Nakazia hapo kwenye "anayesonya".

FundiKodi

Nianzie alipoishia BintiMaktaba, upande wa ufundi.

Kama unataka kazi iishi, ifanye iwe faili moja la HTML, yaani ukurasa wa wavuti, linalofunguka hata bila intaneti. Usitegemee seva yako, usivute maktaba za msimbo kutoka tovuti za watu, usiunganishe na akaunti ya mtandao wowote wa kijamii. Kila kitu unachokiita kutoka nje ni mlango ambao siku moja mtu mwingine ataufunga.

Zana ziko bure. Twine, iliyotoka mwaka 2009, ni ya hadithi zenye matawi, unaandika vifungu na kuviunganisha, na inakutolea faili moja tu. Bitsy ni ya vijumba vidogo vya nukta, unatembeza kiumbe chako chumbani na kugusa vitu vinavyoongea. Nayo inatoa faili moja. Kama unajua msimbo kidogo, ingia p5.js, maktaba ya msimbo ya kuchorea na kutengenezea sanaa kwenye kivinjari. Na kwa taarifa yako, aliyeianzisha p5.js, Lauren Lee McCarthy, naye ni msanii wa mambo haya haya. Kipindi cha karantini alikuwa na kazi inaitwa Later Date: anachati na mtu mmoja mmoja, wanapanga kwa maneno watakavyokutana siku mambo yakitulia, wataanza kusema nini, watakaa wapi. Yale mazungumzo yanahifadhiwa kama igizo la kuja kuchezwa watakapokutana kweli. Teknolojia yake ni ujumbe mfupi tu, lakini kuna kitu cha karantini pale ambacho video ya ubora wa juu haikipati, yaani kupanga kitu ambacho hujui tarehe yake.

Sauti: vivinjari vya siku hizi vinazuia sauti kuanza yenyewe mpaka mtumiaji aguse kitu. Wasanii wengi wanalalamika. Wewe itumie. Mguso wa kwanza uwe ni kuwasha kipaza sauti cha mkutano, na hapo ndipo jengo zima lianze kusikika.

Picha: kabla hujaweka hata moja, futa taarifa zilizofichwa ndani ya faili. Simu nyingi zinaandika mahali picha ilipopigwa kwa usahihi wa kufikia mlangoni. Dirisha moja kila asubuhi maana yake ni anwani yako kila asubuhi.

Kiroboto

Wakuu mbona uzi umekuwa matanga? Karantini ilikuwa na vichekesho pia. Mmesahau watu waliojigeuza michoro?

Machi 2020 makumbusho ya Getty ya Los Angeles yaliwatangazia watu: chagua mchoro maarufu, uigize nyumbani kwako kwa vitu vitatu ulivyonavyo ndani. Wazo lenyewe walilitoa kwa Waholanzi waliokuwa wameshaanza kwenye Instagram. Basi ikawa balaa. Kola za mabwana wa karne ya 17 zikatengenezwa kwa karatasi za chooni. Mashuka yakawa majoho ya watakatifu. Mbwa wakavishwa vilemba na kuketishwa kama malkia, na nyuso zao zinaonyesha kabisa hawakushirikishwa kwenye uamuzi. Mpaka kitabu kikatoka mwaka huohuo.

Na mchezo wa video wa Animal Crossing: New Horizons, ambao unajenga maisha yako kisiwani, ulitoka Machi 20, 2020, wiki ileile watu wanafungiwa. Watu wamefunga ndoa mle, wamefanya sherehe za kuhitimu mle. Getty wakatengeneza hadi zana ya kuingiza michoro yao kwenye mchezo, ukatundika kazi ya msanii wa kale kwenye kibanda chako kisiwani.

Sasa hiyo si sanaa shirikishi? Au mpaka mtu alie ndipo iwe sanaa?

MchoraKivuli

Kiroboto, umenipa kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Ile sharti ya vitu vitatu ndiyo fundi wa kazi yote. Getty hawakuomba mtu awasimulie karantini, na mtu akiombwa asimulie anajipanga, anakuwa shujaa au mhanga. Waliweka sharti, na sharti ikawalazimisha watu kupekua nyumba zao. Ukiziangalia picha zile leo, ule mchoro wa kale huutazami tena. Unatazama zulia, taulo, chaja iliyoning'inia, mtoto aliyelazimishwa kusimama, mwanga wa saa nane mchana ambao siku ya kawaida usingemkuta mtu nyumbani. Ni orodha ya vyombo vya nyumba za mwaka 2020 ambayo hakuna mtafiti angeweza kuomba akapewa.

Kwa hiyo nabadilisha sehemu ya mpango wangu. Badala ya kuwauliza wageni wa kazi yangu "ulijisikiaje?", nawapa sharti. Mfano: taja kitu kimoja ndani ya nyumba ambacho kabla ya karantini hukuwahi kukitazama zaidi ya sekunde moja, na ukieleze mpaka mtu akichore bila kukiona. Dari. Kitasa. Alama ya unyevu ukutani yenye umbo la nchi.

MamaMapacha

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Kuna watu hawamo kwenye uzi huu.

Mnaongea kana kwamba dunia nzima ilikuwa ndani ikitazama dirisha. Mimi nilikuwa zamu wodini. Dereva alikuwa barabarani. Anayesafisha ngazi za mleta mada alikuwa ngazini, na nina uhakika kwenye hizo sauti hayumo, au yumo kama kelele za ndoo. Halafu kuna waliofungiwa kweli lakini bila intaneti. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 2.9 hawajawahi kutumia intaneti au hawaitumii. Ukitengeneza kumbukumbu ya janga kwa kuwauliza wenye kivinjari peke yao, utapata kumbukumbu ya watu waliochoshwa na kukaa. Waliochoshwa na kusimama hawatakuwemo.

Na mshirikishi mnayemwita mtazamaji si lazima awe na skrini. Mnaujua ule ukuta wa London, kando ya Mto Thames, mkabala na Bunge? Waliofiwa walianza kuuchora Machi 2021, moyo mmoja mwekundu kwa kila aliyekufa kwa korona, mioyo kama 150,000 kwa kuanzia, urefu wa karibu nusu kilomita. Wapita njia wakaruhusiwa kuandika jina ndani ya moyo. Rangi ya mwanzo haikuhimili jua, mioyo ikafifia ikawa ya waridi na majina yakaanza kupotea. Kikundi cha wafiwa wanaojitolea kinarudi pale na rangi ngumu ya ukutani, wanapaka upya na kurudisha majina, jina kwa jina.

BintiMaktaba ametuambia kuhusu seva zilizozimwa. Ukuta ule nao ungekuwa umeshazimwa. Umebaki kwa sababu unadai mikono ya watu kila wakati. Washington nako, Septemba 2021, Suzanne Brennan Firstenberg alisimika bendera ndogo nyeupe zaidi ya 600,000 kwenye uwanja wa National Mall. Mfiwa anafika, anaandika kwenye bendera, anaichomeka. Aliyeko mbali anatuma maneno yake kwa tovuti, na mtu wa kujitolea anamwandikia kwa mkono. Tazameni hapo: tovuti ipo, lakini mwisho wa njia kuna kalamu na mtu.

Mleta mada, kama unataka kazi yako iwe na wale wa nje, weka laini ya simu. Mtu anapiga, anasikia sauti moja ya mwenzake, halafu anaambiwa aache yake. Simu ya kitufe inatosha.

AsiyeBofya

MamaMapacha, heshima yako dada. Hapo hata mimi nimekaa chini.

Nina swali kwa mleta mada lakini. Hao majirani wa ngazini walijua unawarekodi?

MchoraKivuli

Baadhi walijua. Wengine hawakujua.

AsiyeBofya

Basi hao wengine huna. Simaanishi usamehewe kwa kuwa ni sanaa, namaanisha sauti hizo si zako. Watu wakati ule walikuwa wanaongea mambo ya kazi kuisha, ya ugonjwa, ya ndoa kuvunjika, wakidhani anayewasikia ni aliye mbele yao. Leo zikae kwenye kazi ambayo mtu wa nchi nyingine anazibofya kujiburudisha?

BintiMaktaba

Yuko sahihi, na kuna njia za kupita.

Wenye sauti wanaopatikana, watafute, wasikilizishe kipande chao chote, sio dondoo, na waulize kwa maandishi. Waambie wanaweza kukubali leo na kukataa mwakani, na uwe na namna ya kukitoa kipande bila kuvunja kazi nzima. FundiKodi atakuelekeza. Wasiopatikana, andika yaliyosemwa kwa muhtasari, ubadilishe kila kinachomtambulisha mtu, na uwape waigizaji wasome. Inapunguza uhalisia kidogo, ndiyo. Lakini ukiandika wazi mwanzoni mwa kazi kwamba sauti fulani zimeigizwa na kwa nini, hilo nalo linakuwa sehemu ya ushahidi: kuta zilikuwa nyembamba na watu walisikiana kuliko walivyotaka.

Watoto waliosikika kwenye mikutano ya video, waondoe kabisa. Hapo sina mjadala.

FundiKodi

Kuhusu kutoa kipande bila kuvunja: kila sauti iwe na jina lake na iitwe kutoka orodha moja. Isipokuwepo, mlango wa yule jirani ubaki umefungwa na kazi iendelee. Mchezaji hatajua kama mlango umefungwa kwa sababu jirani amekataa au kwa sababu ndivyo milango ilivyokuwa. Kwa kazi hii inaingia vizuri tu.

Kwa laini ya simu ya MamaMapacha, rekodi za simu huwa ni nyepesi sana kwa ukubwa. Zinaingia ndani ya faili bila shida, na ubora wake mbovu usiuguse. Usisafishe mikwaruzo.

MchoraKivuli

Nimeyachukua. Nilipofikia ni hapa:

Ngazi inakuwa jukwaa la kazi yote, maana ndiyo sehemu pekee ya jengo ambayo haikuwa ya ndani wala ya nje. Milango minane. Nyuma ya kila mlango kuna kitendo kimoja cha kufanya, si hadithi ya kusikiliza: bomba, mkutano wa video ambao kila ukiongea umejizima sauti, dirisha ambalo linabadilika ukiacha kuligusa. Mlango wa mwisho unawapa wageni sharti la kitu kisichotazamwa, na majibu yao yanaingia kwenye toleo linalofuata kwa mkono, nikishayasoma. Hakuna kitu kinachojipakia chenyewe.

MamaMapacha, anayesafisha ngazi nimezungumza naye. Amekubali kuongea, kwa masharti yake: hataki kuwa mlango. Anataka apite. Kwa hiyo yeye anapanda na kushuka muda wote wa kazi, na ukibofya mlango wakati anapita karibu, unangoja mpaka apite.

MamaMapacha

Huyo ameelewa sanaa kutuzidi. Na mlipe kama unavyomlipa fundi wa sauti.

MchoraKivuli

Analipwa sawasawa na waigizaji.

Kiroboto

Swali la mwisho la mtu wa kawaida. Kitufe cha kutoka kipo?

MchoraKivuli

Nimekuwa nikizozana na nafsi yangu kuhusu hicho. Bila kitufe cha kutoka wazo linakaa kwa ukali zaidi. Lakini kuna watu walifungiwa na mtu anayewapiga, kuna watu wamefiwa, na sitawategea mtego kwa ajili ya ukali wa wazo. Kitakuwepo tangu sekunde ya kwanza, kona ya juu, kinaonekana. Ukikibonyeza kazi inafunga papo hapo, haikuulizi "una uhakika?", haikulaumu.

AsiyeBofya

Hapo tumeelewana. Ikiwa tayari nitumie, nitaibofya. Kulalamika nitalalamika.

FundiKodi

Kabla ya kumtumia mtu yeyote, nitumie mimi faili nilifungue kwenye simu ya zamani yenye skrini iliyopasuka. Bomba la kushikilia sekunde 20 kwenye simu nyingi litafungua ile menyu ya kunakili picha. Lazima uizuie kwenye msimbo, na ukishaizuia jaribu tena kwa kidole chenye maji.